Bepari, komredi, kutaifisha: maneno ya mrengo wa kushoto tunayotaniana nayo

Juzi kwenye grupu la familia binamu yangu kaweka picha ya gari alilonunua, used kutoka Japani, hata karatasi za kwenye siti hazijatolewa, na dakika tano hazijaisha komenti zikaanza kumiminika: "Bepari huyo!", mwingine "Litaifishwe kabla hajaweka mafuta", mwingine "Kata mirija komredi". Watu wamecheka, mwenye gari kacheka, kaahidi soda Jumamosi. Afu mpwa wangu, kamaliza form four mwaka jana, akanifuata inbox: "Anko, hivi bepari ni tusi?" Nikamjibu kwa mistari miwili nikaona simtendei haki, maana haya maneno tunayarusha kila siku kama mpira wa makaratasi na wengi wetu hatujui yalikotoka, kwa hiyo naeleza hapa kwa kirefu kidogo.

Tuanze na hilo la kushoto, ni fupi. Ufaransa 1789, bunge lao linabishana kama mfalme awe na nguvu ya kuzuia sheria, waliompinga mfalme wakawa wanakaa upande wa kushoto wa kiti cha mwenyekiti, waliomuunga mkono kulia. Basi jina likabaki. Leo mtu wa mrengo wa kushoto ni yule anayesema mali na madaraka visikusanyike kwa wachache, anayefanya kazi apate haki yake, na shule, hospitali na maji viwe vya wote. Kwetu neno lililoshika zaidi ni ujamaa, na huo ujamaa ulikuja na msamiati wake, na msamiati ndo huo sa hivi tunataniana nao.

Bepari lilikuja na wafanyabiashara wa Kihindi, Wagujarati wanasema vepari na maana yake ni mtu wa biashara tu, hakuna ubaya wowote. Sasa angalia lilivyobadilika. Mwalimu Nyerere alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu yule mfanyabiashara wa Venice, mwaka 1969, akaiita Mabepari wa Venisi. Angeweza kusema wafanyabiashara. Akasema mabepari, na msomaji wa wakati huo alilielewa neno hilo kwa uzito wote, kwa sababu Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa tarehe 5 Februari 1967 na kesho yake tu mabenki yakaanza kutaifishwa, yaani kufanywa mali ya serikali. Bepari akawa ndiye mnyonyaji, na mnyonyaji akawa kupe, mdudu anayeganda kwenye ng'ombe na kushiba damu bila kulima wala kuchunga. Na mirija ndo ile wanayonyonyea.

Lakini maana yake hasa ni ipi? Hapa naomba tutulie kidogo maana ndo panapokosewa. Bepari kwa maana ya kijamaa siyo mtu mwenye hela, na siyo mtu aliyevaa vizuri. Ni yule anayemiliki kitu cha kuzalishia, shamba, kiwanda, mashine, gari la biashara, na anaishi kwa jasho la wanaokifanyia kazi. Chukua bodaboda. Kijana anaamka saa kumi na moja alfajiri, anapigwa na mvua, anakimbizana na matrafiki, jioni anapeleka hesabu kwa tajiri, tuseme elfu kumi, iwe siku ilikuwa nzuri au mbovu, na kilichobaki ndo chake. Tajiri amelala. Kijana akikosa hesabu siku tatu anapokonywa pikipiki. Huo uhusiano, yaani mmoja anahatarisha shingo na mwingine anahesabu, ndo watu wa kushoto wanauita unyonyaji. Wapo watakaosema tajiri naye kaweka mtaji wake, pikipiki ikiibiwa hasara ni yake, sawa, na huo ndo mjadala wenyewe, umeanza zamani na hautaisha leo. Mi msimamo wangu uko wazi, kijana anayebeba hatari yote ya barabarani anastahili zaidi ya anachopata. Ila angalau tujue tunabishania nini.

Komredi nalo lina safari yake. Zanzibar mwaka 1963 Abdulrahman Babu na wenzake walianzisha Umma Party, chama cha mrengo wa kushoto, na watu wao wakajulikana mtaani kama makomredi, vijana waliosoma, wanaovaa na kuongea kimapinduzi. Baada ya Rais Karume wa Zanzibar kuuawa 1972 wengi wao waliwekwa ndani, Babu mwenyewe alikaa kizuizini mpaka 1978. Kwa hiyo ukimwita mzee fulani wa Unguja komredi, jua unagusa kitu, kuna familia zilipoteza watu. Bara neno likaingia kwenye chama tawala, hata leo Kinana, aliyewahi kuwa katibu mkuu wa CCM, watu wanamwita Komredi Kinana bila hata kufikiria. Ukivuka Namanga ukaingia Kenya, komredi ni mwanafunzi yeyote wa chuo kikuu, awe anasoma uhandisi au hoteli, kura za wanafunzi na maandamano vinaenda na "Comrades power!" na hakuna anayeuliza kama umewahi kumsoma Marx. Neno moja, uzito tofauti kabisa.

Ndugu ndo lilikuwa letu zaidi. Ahadi ya kwanza ya mwana TANU ilikuwa binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja, na likatumika kwa waziri na kwa mfagizi sawasawa. Mi nalipenda sana hili neno na naumia nikiona linabaki kwenye barua tu, "Ndg.", huku mitaani kila mtu ni bosi au mheshimiwa.

Sasa utani. Wageni wakisikia tunaitana mabepari na wahujumu uchumi wanadhani tunagombana, kumbe kwetu utani ni taasisi kabisa. Mhehe na Mngoni walipigana vita karne ya 19, wajukuu zao wakawa watani. Mzaramo na Mnyamwezi nao ni watani. Mtani anaweza kuja msibani kwako akaigiza marehemu alivyokuwa anatembea, na huruhusiwi kukasirika, unamtoa kitu kidogo ndo anaacha. Ona kilichopo hapo: utani una mipaka, una watu wake, na una malipo. Anayetania anasema ukweli ambao mwingine angeusema angepigwa. Ndo maana bepari kwenye grupu la familia ni utani halali, maana ndani yake kuna ombi: umepata, usitusahau. Soda za Jumamosi ndo malipo.

Mtandaoni ugumu ni kwamba unamtania mtu ambaye si mtani wako. Hujui ametoka wapi. Chukua kutaifisha, tunalitumia kwa chaja ya simu, kwa chipsi mayai kwenye sahani ya mwenzio, "hii nimetaifisha". Inachekesha. Lakini mwaka 1971 serikali ilitaifisha nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja, na wengi walioguswa walikuwa Watanzania wenye asili ya Asia, wapo ambao mzee wao alijenga ghorofa moja maisha yake yote, likaenda. Mjukuu wake akiwa kwenye huo mjadala na wewe ukamrushia "tutakutaifisha", yeye hasikii utani. Mhujumu uchumi pia. Leo ni yule aliyepakua nyama mbili wakati kila mtu kapewa moja, ila 1983 lilikuwa ni neno la kumweka mtu ndani, wakati wa Waziri Mkuu Sokoine, sabuni na sukari zimefichwa, na kulikuwa na walanguzi kweli na kulikuwa na watu waliokamatwa kwa vitu vyao vya ndani tu. Bibi yetu akisikia hilo neno hacheki, anatoka sebuleni.

Na upo utani ambao ni siasa yenyewe. Kenya mwaka 2024, muswada wa fedha ukaja na pendekezo la VAT ya asilimia 16 kwenye mkate, na vijana hawakuanza na hotuba za kitabaka, tayari walikuwa wanamwita Rais Ruto Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19 aliyepanda mkuyu, na wakawa wanaimba Zakayo shuka. Ukiliangalia vizuri hilo ni dai la kushoto kabisa, nani analipa kodi na nani anaila, ila limekaa ndani ya jina moja la Biblia ambalo hata mama wa sokoni analielewa bila kufundishwa. Tarehe 25 Juni wakaingia bungeni, watu wakauawa kwa risasi, kesho yake rais akasema huo muswada hatausaini. Kwa hiyo mtu akikuambia ah ule si utani tu wa mtandaoni, mkumbushe kuna vijana walizikwa.

Basi nikamwandikia mpwa wangu hayo yote, nikamwambia bepari siyo tusi likitoka kwa ndugu yako, ila ukitaka kulitumia kwa haki uliza kwanza nani anafanya kazi na nani anakula. Akanijibu "sawa anko" na kimoyo. Baadaye namuona amerudi kwenye grupu, kamwandikia mwenye gari: "Hongera anko, gari zuri. Utaendesha mwenyewe au utampa mtu kwa hesabu?"

Grupu likatulia kidogo. Afu binamu akaandika kwamba ataendesha mwenyewe, usiku akitoka kazini, maana mkopo wa kikoba lazima ulipwe. Shangazi akamalizia: "Basi huyu si bepari, ni mfanyakazi mwenzetu. Soda za Jumamosi tunachanga wote."