Zimamoto na Uokoaji ya mkoa: maana yake, na kwa nini gari moja huhitaji askari 25

Wengi wakisikia neno zimamoto hufikiria gari jekundu lenye king'ora, lile ambalo mitaani huitwa faya. Katika utawala wa Tanzania Bara, Zimamoto na Uokoaji ya mkoa ina maana pana kuliko gari: ni kamandi moja yenye vituo kadhaa, yenye askari wanaopokezana zamu usiku na mchana, na yenye wajibu wa kuzima moto, kuokoa watu na mali katika ajali, mafuriko na maporomoko ya majengo, pamoja na kukagua majengo ili yawe na kinga kabla moto haujatokea.

Zamani huduma hii ilikuwa mikononi mwa halmashauri, kila moja na gari lake na bajeti yake. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 iliweka jeshi moja chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, likiongozwa na Kamishna Jenerali, na kila mkoa ukapewa kamanda wake. Faida kubwa ya mpango huu, kwa maoni yangu, ni kwamba kamanda wa mkoa anaweza kuamuru gari la wilaya moja liende kusaidia wilaya jirani bila ofisi mbili kuandikiana barua huku nyumba ikiungua. Zanzibar ina chombo chake, Kikosi cha Zimamoto na Uokozi, na nchini Kenya Katiba ya mwaka 2010 imeikabidhi kazi hii kwa serikali za kaunti.

Kazi za mkoa zina pande mbili. Upande wa usalama wa moto una wakaguzi, wanaopitia michoro ya majengo, wanaoingia hotelini, viwandani, shuleni na kwenye vituo vya mafuta kuangalia mitungi ya kuzimia moto na milango ya dharura, na wanaochunguza chanzo baada ya moto kuzimwa. Upande wa operesheni ndio wa askari wanaoitikia simu ya 114, na hapo ndipo penye jambo ambalo raia wengi, na hata baadhi ya wanaopanga bajeti, hawalitazami kwa makini: hesabu ya watu.

Wiki moja ina saa 168, na kituo cha zimamoto hakifungwi hata saa moja kati ya hizo. Tuchukue mfano wa askari anayefanya kazi saa 42 kwa wiki. Ili kiti kimoja tu ndani ya gari kisibaki wazi, watahitajika askari wanne wanaopokezana. Hao wanne nao wana likizo ya mwaka, wanaugua, wanajifungua na wanakwenda kozi, kwa hiyo hesabu halisi inakaribia watano kwa kila kiti. Gari la kuzima moto lenye viti vitano linadai askari 25. Kituo chenye magari mawili ya aina hiyo, pamoja na gari la kubebea maji lenye watu wawili na chumba cha simu chenye mtu mmoja kila zamu, kinafika askari 65, kabla hujamhesabu mkaguzi, fundi wa magari na mhasibu. Ndiyo maana kununua gari jipya bila kuajiri ni nusu ya kazi, kwa kuwa walioko watagawanywa na kila gari litatoka na watu pungufu.

Upungufu huo ni hatari kwa sababu kila kiti kina kazi yake. Dereva ndiye pia anayeendesha pampu, na hawezi kuiacha maadamu wenzake wako ndani ya moto. Kiongozi wa kikosi husimama nje akisoma moshi, akizungumza na kituo na kuwasiliana na TANESCO ili umeme ukatwe. Wawili huingia ndani wakiwa wamevaa mitungi ya hewa, daima kwa pamoja, kwa sababu anayezirai peke yake kwenye moshi hana wa kumtoa. Wa tano hushughulikia mipira ya maji na kuwa tayari kuwasaidia walioingia. Wakija watatu, kiongozi hulazimika kuchagua kati ya kuingia kumtafuta mtu na kumwaga maji kutoka nje.

Lawama inayosikika sana ni kwamba gari lilifika bila maji. Mara nyingi maji yalikuwepo na yakaisha. Gari lenye lita 5,000, likitoa lita 500 kwa dakika, humaliza tangi kwa dakika kumi, na baada ya hapo linategemea visima vya maji ya zimamoto vilivyounganishwa na mabomba ya mamlaka ya maji. Pale ambapo kisima kimefunikwa na kibanda au kujengewa ukuta, gari huondoka kwenda kujaza, nao moto unaendelea kula.

Mkoa wenye uwanja wa ndege unabeba mzigo wa ziada. Viwango vya kimataifa vya usafiri wa anga vinataka gari la uokoaji lifike popote kwenye njia ya kurukia ndani ya dakika tatu, kwa hiyo magari ya uwanjani hayawezi kuitwa ovyo kwenda mjini wakati ndege zinatua, hata kama moshi unaonekana.

Neno uokoaji nalo linadai watu wa fani nyingine, wakiwemo wazamiaji. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliyobeba watu 43 ilianguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba; walikufa 19, na wa kwanza kuifikia walikuwa wavuvi kwa mitumbwi yao. Rais aliagiza kijana mmoja kati ya wavuvi hao aajiriwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Kwa kawaida anayeingia jeshini hupita kwanza kwenye mafunzo, ambayo kituo chake kikuu ni chuo cha Chogo, wilayani Handeni, mkoani Tanga, na akihitimu hupangiwa mkoa, ambako kamanda humweka kwenye zamu.