Vita Kuu ya Kwanza Afrika Mashariki: hesabu ya mzigo na unga

Vita Kuu ya 1914–1918 hufundishwa kuanzia Sarajevo. Tarehe 28 Juni 1914 mrithi wa kiti cha Austria-Hungaria, Franz Ferdinand, aliuawa kwa risasi. Mwezi mmoja baadaye Austria ikaitangazia Serbia vita. Kuanzia hapo ahadi za kulindana zilivuta taifa moja baada ya jingine: Urusi ikasimama na Serbia, Ujerumani ikasimama na Austria, Ufaransa ikasimama na Urusi, na Wajerumani walipoingia Ubelgiji, Uingereza nayo ikajitosa tarehe 4 Agosti. Siku nne baadaye manowari ya Kiingereza, Astraea, ilikuwa inaipiga mizinga Dar es Salaam, ikilenga kituo cha simu ya upepo.

Gavana wa Kijerumani, Heinrich Schnee, alitaka koloni lake la Afrika Mashariki ya Kijerumani (Tanzania bara, Rwanda na Burundi za leo) libaki nje ya ugomvi huo, na Mkataba wa Berlin wa 1885, wa mataifa ya Ulaya kuhusu Afrika, ulikuwa umeacha nafasi ya jambo hilo. Kamanda wa jeshi lake, Paul von Lettow-Vorbeck, hakukubali. Shabaha yake ilikuwa kuwashughulisha Waingereza huku ili askari na silaha zao zisiende Ulaya.

Mapigano yanayokumbukwa zaidi ni ya Tanga, Novemba 1914, ambapo kikosi cha watu wapatao 8,000 kutoka India kilirudishwa baharini na askari kama 1,000 wa upande wa Wajerumani. Kisa cha nyuki waliowavamia Waingereza hupendwa sana, na nyuki kweli walikuwepo, ila hawakuchagua upande wa kuuma. Kilichowaponza Waingereza ni kubisha hodi: walituma kwanza taarifa mjini kwamba watashambulia, wakachelewa kushuka, na Lettow akapata muda wa kuleta kompania zake kwa treni kutoka Moshi.

Mwaka 1916 mambo yaligeuka. Jenerali Smuts, kamanda wa majeshi ya Kiingereza, alipenya karibu na Kilimanjaro mwezi Machi, Dar es Salaam ikatekwa tarehe 4 Septemba, na jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo likaingia Tabora tarehe 19 mwezi huohuo. Reli ya Kati ikawa mikononi mwa washirika. Kwenye ramani, kazi ilionekana imekwisha. Lakini kusini ya reli hiyo, kuelekea Rufiji, Mahenge, Lindi na Ruvuma, hapakuwa na reli nyingine. Ng'ombe, punda na farasi walikufa kwa nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Malori yalizama kwenye tope la masika. Kikabaki kichwa cha mtu.

Hapa inafaa tufanye hesabu, maana hesabu hii ndiyo iliyoua watu wengi kuliko bunduki. Tuseme mpagazi anabeba kilo 25, kiasi kinachokaribia mzigo wa kawaida wa wakati ule, na anakula kilo moja ya unga kwa siku. Bohari iko mwendo wa siku kumi. Siku kumi za kwenda na kumi za kurudi atakula kilo 20. Kwa hiyo katika kilo 25 alizojitwika, zinazomfikia askari ni tano. Kompania ya askari 200 inayohitaji kilo 200 kwa siku itataka wapagazi 40 wafike kila siku. Na kwa kuwa kila mmoja anatumia siku 20 njiani, lazima wapagazi 800 wawe barabarani muda wote. Hao ni wa chakula tu. Risasi, dawa, mahema na sanduku la afisa bado. Ongeza siku mbili za mwendo na kila mpagazi atafikisha kilo moja. Ikifika siku 12 na nusu, anafika mikono mitupu. Ndiyo maana kila hatua Lettow aliyorudi nyuma ilimgharimu adui wake maelfu ya watu wapya.

Wapagazi waliopungua walijazwa kwa nguvu. Machifu walipangiwa idadi. Wasipoitimiza, watu walikamatwa. Kenya, mwaka 1917, msako huo ulisimamiwa na John Ainsworth, afisa wa serikali ya Kiingereza, na ukafika karibu kila wilaya iliyokuwa na wanaume wa kuchukuliwa. Wabelgiji nao walitumia zaidi ya 200,000 upande wa Kongo. Wajerumani nao walichukua wapagazi wao, mara nyingi bila kuwaandika daftarini.

Walikufaje? Wengi tumbo. Unga wa mahindi uliotolewa ulikuwa wa kukoboa vibaya, wenye pumba, unaohitaji moto mkali na muda mrefu. Sasa fikiria msafara unaofika kambini jua likizama, mvua inanyesha, kuni mbichi, sufuria moja kwa kundi zima, na alfajiri safari tena. Ugali unashushwa kabla haujaiva. Kwa mtu wa Buganda aliyezoea matoke, au wa pwani aliyezoea wali, chakula kile kilileta kuhara siku za kwanza tu, na kuhara kukigeuka kuhara damu njiani hakuna wa kumbeba mbebaji. Malaria na nimonia zilimalizia. Hesabu rasmi ya Waingereza inataja wapagazi zaidi ya 95,000 waliokufa upande wao peke yake, na sehemu ndogo sana kwa risasi.

Vijiji vililipa mara mbili. Majeshi yote yalipokosa chakula yalichukua nafaka na ng'ombe wa wenyeji, huku vijana wa kulima wakiwa wamekwenda. Ugogo njaa iliyofuata huitwa Mtunya. Iliua makumi ya maelfu. Homa ya mafua ya 1918 iliwakuta watu wamedhoofu hivyo.

Lettow alivuka Ruvuma Novemba 1917 akaingia Msumbiji, akarudi, akaingia Rhodesia ya Kaskazini. Ulaya walisimamisha vita tarehe 11 Novemba 1918. Yeye alipata habari siku mbili baadaye, akasalimisha silaha Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25.

Mpagazi aliandikwa kama namba ya kubebea mzigo, na mishahara ya maelfu waliokufa haikuwafikia warithi. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, na kwamba huenda idadi ikafika 350,000.

Kwa hiyo ushahidi mwingi umebaki majumbani. Kama ukoo wenu una kumbukumbu ya babu aliyekwenda vitani, andika kwanza alitwaliwa na chifu gani na upande upi, kwa sababu wapo waliobebea pande zote mbili. Andika jina la kambi au stesheni lililotajwa hata kama halieleweki, majina ya aliokwenda nao, na kama alirudi, alirudi mwaka gani. Medali ya Kiingereza ya fedha isomwe ukingoni: mara nyingi imechorwa namba, jina na kikosi. Usiisugue kwa majivu wala dawa ya kung'arishia shaba, maandishi hayo ni membamba na hufutika. Piga picha kwa mwanga wa pembeni, uzungushe medali kidogo kidogo mpaka duara lote lisomeke.