Michezo ya majaji: dhana potofu na ukweli

Vijiweni Mwanza, ukisema michezo watu wanaelewa mpira. Jimnastiki, kuchupa majini au ngumi zilizoamuliwa kwa pointi, utaambiwa hayo ni maonyesho tu. Si kweli, na wanamichezo hao wanavunjiwa heshima bure.

Dhana: Mchezo wa kweli haumtegemei jaji.

Ukweli: Pale uwanja wa mpira wa CCM Kirumba watu wanabishana kila msimu juu ya penalti na kuotea. Hata riadha ina majaji: kwenye mbio za kutembea wanasimama kando ya njia kuangalia kama miguu yote miwili imeachana na ardhi, au goti limekunjwa kabla ya wakati. Ukipata kadi nyekundu za kutosha unatolewa, hata kama ulikuwa unaongoza.

Dhana: Jaji anatoa alama anavyojisikia.

Ukweli: Chukua kuchupa. Kwenye Olimpiki, mchupaji mmoja mmoja huangaliwa na majaji 7, kila mmoja akitoa alama kati ya 0 na 10. Mbili za juu na mbili za chini zinatupwa, hivyo jaji mmoja mwenye chuki au mapenzi hafiki mbali. Tatu zilizobaki zinajumlishwa, kisha zinazidishwa kwa kiwango cha ugumu kilichojulikana kabla mchupaji hajapanda ubao. Zikibaki 8, 7.5 na 8, ugumu ukiwa 3.0, jibu ni 70.5. Vijana wanaochupa kutoka kwenye mawe ya ziwa hapa kwetu wanalijua jambo hili bila jedwali lolote: aliyeingia wima, maji yakaruka kidogo, amemshinda aliyetua kwa tumbo. Hakuna anayebisha.

Dhana: Basi hata ngoma za Bagika na Bagalu, vyama viwili hasimu vya ngoma vya Wasukuma, ni michezo.

Ukweli: Ushindani wao kwenye Bulabo, sikukuu ya ngoma huko Bujora, ni mkali na naupenda sana. Ila pale mshindi ni upande uliovuta umati, kwa mbinu yoyote ile. Ni sanaa, na haina upungufu wowote kwa kuwa sanaa.

Dhana: Upendeleo wa majaji unathibitisha kwamba si michezo.

Ukweli: Upendeleo upo. Olimpiki ya Seoul 1988, bondia Roy Jones Jr. wa Marekani alimtawala Park Si-hun wa Korea Kusini kwenye fainali ya ngumi, lakini majaji 3 kati ya 5 wakampa Park ushindi. Watu walikasirika kwa sababu walimwona mshindi kwa macho yao. Kama ngumi zingekuwa maonyesho, pasingekuwa na wa kudhulumiwa. Olimpiki iliyofuata, 1992, majaji walihesabu makonde kwa kompyuta, na baadaye mfumo huo nao ukaachwa.

Leo mshindi wa raundi hupewa 10, mwenzake kwa kawaida 9, na akiangushwa, mara nyingi hupewa 8. Kwenye pambano lijalo hapa mjini nenda na kalamu na karatasi, andika alama zako raundi kwa raundi kabla mtangazaji hajashika kipaza sauti.