Orodha za Meli za Natal: Tugawane Nakala Bila Kupoteza Watu

Tarehe 16 Novemba 1860 meli ya Truro ilitia nanga Durban ikitokea Madras. Ndani yake mlikuwa na watu 342, wa kwanza kati ya Wahindi 152,184 waliopelekwa katika koloni la Natal kwa mikataba ya kazi hadi mwaka 1911, wengi wao wakienda kwenye mashamba ya miwa. Siku 10 baadaye ikaingia Belvedere kutoka Calcutta. Kila abiria aliandikiwa mstari wake kwenye rejesta: nambari, jina, jina la baba, jinsia, umri, tabaka, wilaya na kijiji alikotoka, na alama za mwilini. Kwa familia nyingi mstari huo ndio maandishi pekee yanayomtaja babu au bibi kwa jina pamoja na kijiji chake.

Rejesta hizo zimehifadhiwa Afrika Kusini. Wajukuu na vitukuu wa waliomo ndani yake wametawanyika Durban, Johannesburg, London, Toronto na kwingineko, na wengi hawana nauli wala likizo ya kwenda kukaa kwenye chumba cha kusomea nyaraka. Ndiyo maana unukuzi umekuwa msaada mkubwa. Orodha zilichapwa kwenye kompyuta, na Kituo cha Nyaraka cha Gandhi-Luthuli katika Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal kimeziweka mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuzisoma. Tangu hapo watafiti wa nasaba wanatumiana vipande vyake: huyu ana meli moja, yule amekusanya watu wa kijiji kimoja, mwingine ameunganisha orodha na vyeti vya ndoa.

Ninaunga mkono ugawanaji huo kwa moyo wote. Maandishi yanayosomwa na watu wengi husahihishwa na wengi, na yule anayejua Kitamili humwona mtu ambaye asiyekijua amempita. Lakini kama mtunza nyaraka nina sharti moja, na sitachoka kulirudia kwa kila anayekuja kuniuliza: nakala yoyote unayompa mwenzako iwe na njia ya kumrudisha kwenye ukurasa wa asili. Nakala isiyo na njia hiyo inaweza kumpa mtu babu asiye wake.

Njia yenyewe inaanza na nambari. Kila mhamiaji wa mkataba aliandikishwa kwa nambari yake, na ofisi ya Mlinzi wa Wahamiaji, afisa wa koloni aliyewasimamia, iliendelea kuitumia katika shughuli zake nyingi: mhamiaji akioa, akibadili mwajiri, akimaliza mkataba au akifariki, mara nyingi nambari ile ile inaonekana kwenye karatasi mpya. Majina yalibadilika kutoka karatasi hadi karatasi, nambari ikabaki. Hata hivyo, ninapoletewa nakala zilizopita mikononi mwa watu wengi, safu ya nambari ndiyo mara nyingi imekatwa. Aliyeikata aliona ni tarakimu tu, akataka jedwali lienee kwenye kioo cha simu. Kumbe amekata kitu pekee kinachomtofautisha Ramsamy mmoja na Ramsamy wengine walioshuka bandari ile ile mwaka ule ule.

Pamoja na nambari andika jina la meli, tarehe ya kufika, bandari iliyoondokea, na rejeo la kitabu na ukurasa kama unalo. Andika pia umeipata wapi: kwenye kitabu chenyewe, kwenye picha ya ukurasa, au kwenye nakala ya mtu mwingine. Hatua hizo tatu hazilingani. Anayenukuu kutoka kwenye nakala ya mwenzake anarithi makosa yake yote, kisha anaongeza ya kwake.

Kuna jambo ambalo hata watafiti wazoefu hulipuuza, nalo ni mpangilio wa mistari. Jedwali la kompyuta linashawishi: unabonyeza mara moja, majina yanajipanga kwa alfabeti, unaona umerahisisha kazi. Lakini watu hawakupanda meli kwa alfabeti. Kwenye rejesta mara nyingi mume, mke na watoto wanafuatana. Ndugu wawili wa kijiji kimoja wanakuwa karibu karibu, na mjane aliyeambatana na kaka yake anaonekana chini ya kaka yake. Mistari 10 ya juu na 10 ya chini inaweza kukueleza mengi kuliko mstari wenyewe, kwa sababu watu waliovuka bahari pamoja walishikana kama ndugu, wakaozeshana watoto na kudhaminiana. Ukipanga kwa alfabeti bila kuhifadhi mpangilio wa awali, familia zinavunjika, na hakuna wa kuziunganisha tena ila arudi kwenye kitabu. Basi kabla ya kugusa chochote weka safu ya kwanza yenye namba ya mstari kama ulivyo kwenye ukurasa. Ukishapanga upendavyo, utaweza kurudi.

Madhara ya kupanga upya hayaishii hapo. Makarani wa zama zile, wakikuta wilaya au tabaka ni sawa na la mtu wa juu, hawakuandika upya. Waliweka alama mbili ndogo au herufi "do", maana yake ni "kama hapo juu". Mnukuzi asiyejua huandika "Do" kama jina la kijiji. Mwingine huacha wazi, halafu mistari ikihamishwa alama inaangukia chini ya mtu mwingine, na mtu wa Arcot Kaskazini anageuka kuwa wa Vizagapatam. Unaponukuu, jaza neno linalokusudiwa, kisha onyesha kwa mabano ya mraba kwamba umejaza wewe: [Arcot Kaskazini]. Msomaji atajua kwamba karani hakuliandika hapo, na ataweza kukuhakiki.

Nikija kwenye tahajia, kanuni ni ngumu kwa sababu moyo hutaka kusahihisha. Karani aliandika kwa masikio ya Kiingereza majina ya Kitamili, Kitelugu na Kibhojpuri. Jina moja la Munusamy unaweza kulikuta kama Moonsamy, Moonesawmy na namna nyingine kadhaa. Liandike kama lilivyo, herufi kwa herufi, hata kama unaona wazi amekosea. Tahajia unayodhani ni sahihi iweke kwenye safu ya pembeni. Mwenzako anayetafuta kwa tahajia ya rejesta atampata, na anayetafuta kwa tahajia ya leo atampata pia. Herufi zinazofanana, mathalani n na u, au R na B za mkono wa haraka, zitakupa shida. Pale usipokuwa na hakika weka alama ya kuuliza kando ya herufi hiyo. Alama ya kuuliza ni taarifa ya thamani, kwani inamwambia msomaji wapi aelekeze macho. Kinachoumiza ni jina lililobuniwa na kuandikwa kwa uhakika.

Njia bora ninayoijua ya kupunguza makosa ni watu wawili kunukuu ukurasa mmoja bila kuonana, kisha mtu wa tatu akalinganisha na kuamua pale wanapotofautiana. FamilySearch, shirika la utafiti wa nasaba, walitumia utaratibu huo kwa miaka mingi katika kuorodhesha nyaraka zao. Unawezekana hata kwa watu watatu wa ukoo mmoja.

Majina ya mahali yaachwe ya zamani vilevile. Vizagapatam siku hizi ni Visakhapatnam, hilo ni rahisi. Lakini Shahabad, wilaya ya Bihar iliyotoa vibarua wengi, haipo tena: mwaka 1972 iligawanywa kuwa Bhojpur na Rohtas, na baadaye zikamegwa zaidi. Ukiandika "Bhojpur" badala ya Shahabad ili kumsaidia msomaji, huenda umemfungia nusu ya vijiji alivyopaswa kuvitafuta.

Anayetafuta kwa jina la ukoo naye anahitaji tahadhari. Majina yanayojulikana leo Durban kama Naidoo, Govender au Pillay yalikuwa majina ya heshima au ya tabaka, na katika rejesta yanaweza kuonekana kwenye safu ya tabaka au yasionekane kabisa. Pengine jina la ukoo wa leo lilikuwa jina binafsi la mhamiaji mwenyewe. Sisi tuliolelewa na utaratibu wa Juma bin Ali, ambaye mwanawe ni Fatuma binti Juma, hatuoni ajabu. Mjukuu aliyezaliwa Uingereza huona familia yake imefutwa. Mwelekeze atafute kwa jina la baba na kijiji.

Halafu wapo ambao hawamo kabisa, na kutokuwamo kwao si dosari ya mnukuzi. Wafanyabiashara na wasaidizi wao, wengi kutoka Gujarat, walijilipia nauli au walilipiwa na kampuni za jamaa zao, kwa hiyo hawakuingia kwenye rejesta za mikataba. Mohandas Gandhi alifika Durban Mei 1893 kwa njia hiyo, baada ya meli kupita Lamu, Mombasa na Zanzibar. Familia yenye simulizi la duka na biashara tangu mwanzo inaweza kupoteza miaka katika orodha za vibarua. Kinyume chake pia hutokea: baadhi ya vibarua walirudi India kisha wakaja tena, hasa walipobanwa na kodi ya pauni 3 kwa mwaka iliyowekwa kwa sheria ya 1895 juu ya waliomaliza mikataba, ambayo haikuondolewa hadi 1914. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwa na mistari miwili. Usifute mmoja kwa kudhani ni marudio.

Kuna kundi jingine ambalo wasomaji wa Kiswahili wanapaswa kulijua. Agosti 1873 meli ya kivita ya Uingereza, Briton, ilishusha Durban watu 113 waliotolewa utumwani na kuletwa kutoka Zanzibar. Wengine wakafuata hadi 1880, wakawa mia kadhaa. Waliwekwa chini ya Mlinzi wa Wahamiaji, yule yule aliyesimamia Wahindi, wakafungwa mikataba ya miaka 5. Wengi walikuwa Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji, lakini Durban waliitwa Wazanzibari, na uzao wao unaitwa hivyo hadi leo. Waliishi King's Rest, eneo la Bluff, hadi serikali ya ubaguzi ilipowaainisha kuwa "Waasia wengine" na kuwahamishia Chatsworth katika miaka ya 1960.

Nawataja kwa sababu wanaonyesha hatari moja ya nakala zilizofupishwa. Neno "Zanzibar" katika karatasi zao linataja bandari waliyoondokea. Mnukuzi akiligeuza kuwa "mahali alipozaliwa", mjukuu atakuja Unguja kutafuta jamaa ambao hawapo, ilhali asili yake iko ng'ambo ya Ruvuma. Vivyo hivyo kwa "Madras" na "Calcutta". Bandari iwe na safu yake, kijiji kiwe na safu yake.

Wanaonyesha pia msaada ambao sisi tunaweza kuutoa. Majina ya Waafrika waliotolewa utumwani yaliandikwa na makarani wasiojua lugha zao. Mkusanyiko mmoja unaofahamika, uliotokana kwa sehemu kubwa na rejesta za mahakama za Freetown na Havana, una majina ya watu 91,491, na wenye lugha za Kiafrika wameombwa kuyasoma kwa sauti na kusema yanafanana na majina ya wapi. Wazee wa Kimakua wa Masasi na Nanyumbu wana sikio ambalo hakuna mtaalamu wa Durban anaweza kulinunua. Anayeshirikiana na watafiti wa huko asidharau mchango wa namna hiyo. Ila usomaji wa mzee uandikwe kwenye safu ya pembeni pamoja na lugha aliyoitumia kusoma, na tahajia ya karani ibaki mahali pake.

Yapo ya kusitiri. Rejesta zinataja tabaka, makovu, maradhi, mara nyingine watoto wasioandikwa baba. Kwa mtafiti hayo ni ushahidi, kwa familia yanaweza kuwa kidonda, hasa tabaka pale ndoa zinapojadiliwa. Usiyafute kwenye nakala kamili. Unapomtumia mtu asiye mtafiti mstari wa bibi yake, mweleze kwanza atakachokikuta. Habari za watu walio hai zisiambatanishwe kabisa na nakala inayozunguka: mti wa ukoo unaounganisha mhamiaji wa 1880 na mtoto aliyezaliwa juzi, pamoja na tarehe yake ya kuzaliwa, unampa tapeli kila anachohitaji.

Mwisho, matumizi ya kiofisi. Raia wa Afrika Kusini wenye asili ya India hutumia orodha za meli kuthibitisha asili hiyo wanapoomba hadhi ya raia wa India wa ng'ambo. Kwa kazi hiyo usitegemee unukuzi uliotumiwa na rafiki, hata ukiwa safi kiasi gani. Omba dondoo iliyothibitishwa na hifadhi ya nyaraka. Katika maombi yako taja nambari ya mhamiaji, jina la meli, tarehe ya kufika, na jina kama lilivyoandikwa kwenye rejesta, si kama familia inavyolitamka sasa. Ukiipokea, ilinganishe neno kwa neno na nakala uliyokuwa nayo. Ukikuta tofauti, irekebishe, weka tarehe ya marekebisho juu ya jedwali, na mtumie kila uliyempa ile ya zamani, ukimtajia mstari gani umebadilika.