Jazi huru na maana ya rekodi ya mubashara

Jazi huru, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni muziki ambao wapigaji huutunga wakati uleule wanapoupiga, bila lahani iliyokubaliwa kabla, bila mapigo ya kudumu, na bila mmoja wao kuwa kiongozi. Kwa msikilizaji wa Kisumu, njia nzuri ya kuielewa ni kuanzia kwenye nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo. Mgeni anapoinuka kumtuza mpiga nyatiti, mpigaji humtungia sifa palepale na kuzirefusha apendavyo. Lakini chini ya maneno hayo nyuzi nane zinaendelea na mzunguko wake, na pete ya chuma kwenye kidole cha mguu inaendelea kugonga mwili wa ala kwa mwendo uleule. Ubunifu upo, ila umeegemea kitu kisichobadilika. Jazi huru huondoa hata egemeo hilo.

Haikufika hapo kwa hatua moja. Mwaka 1959, katika kilabu cha Five Spot mjini New York, Ornette Coleman alipiga saksafoni pamoja na Don Cherry, Charlie Haden na Billy Higgins, bila piano, hivyo hapakuwa na ala ya kumwekea mpigaji mipaka ya sauti. Hata hivyo, bado walifungua na kufunga kwa lahani iliyotungwa. Kufikia katikati ya miaka ya 1960, makundi kama AMM la London yalikuwa yameziacha hata lahani hizo.

Kundi la wanne lina ugumu wake. Wapigaji wawili wana uhusiano mmoja tu wa kusikilizana. Wanne wana sita, na wowote kati ya hiyo unaweza kubadilika ghafla. Ndiyo maana mpigaji hodari hutambulika kwa kujua wakati wa kunyamaza kuliko kwa wepesi wa vidole. Mpiga besi akivuta sauti moja ndefu kwa upinde, mpiga ngoma anaweza kuweka vijiti chini na kusugua ngozi ya ngoma kwa kiganja, huku mpiga saksafoni akipuliza pumzi tupu isiyotoa noti.

Hapa ndipo rekodi ya mubashara inapopata uzito wa pekee. Rekodi ya benga, muziki wa dansi wa Kenya, iliyofanywa ukumbini ni sura mojawapo ya wimbo ambao bendi itaupiga tena wiki ijayo. Rekodi ya jazi huru ndiyo kazi yenyewe, kwa kuwa kilichopigwa usiku ule hakikuandikwa popote. Kuirekebisha baadaye pia ni shida: wanne wakiwa ukumbi mmoja, sauti ya ngoma huingia hata kwenye maikrofoni ya besi, kwa hiyo huwezi kufuta noti ya mmoja bila kuwagusa wengine. Kwa maoni yangu hilo ni jema, kwani sauti iliyomponyoka mmoja mara nyingi ndiyo iliyompa mwenzake wazo lililofuata, na ukiifuta, jibu linabaki bila swali.

Anayesikiliza kwa mara ya kwanza asitafute wimbo wa kushika. Amfuate mpigaji mmoja, tuseme wa besi, kwa dakika kumi, kisha airudie rekodi akimfuata mpiga ngoma. Atumie visikizio au spika nzuri, kwa sababu spika ya simu humeza besi, na katika kundi lisilo na piano besi ndiyo mara nyingi inayoonyesha muziki unakoelekea.