Wati nyingi si sauti nzuri

Wengi wanaonunua spika za mezani zenye amplifaya ndani, hapa Darajani, Zanzibar, huamini kuwa wati nyingi zilizoandikwa kwenye boksi ndizo sauti nzuri. Sivyo. Kuzidisha wati mara mbili huongeza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, tofauti ndogo kwa sikio, na mtu aliyekaa nusu mita kutoka kwenye spika zake hutosheka na wati chache mno, hata akisikiliza taarabu. Namba kubwa ya PMPO, yaani kilele cha nguvu cha kitambo kidogo mno kinachodaiwa na mtengenezaji, haina kipimo rasmi. Itazamwe ya RMS, yaani wati ambazo amplifaya hutoa mfululizo. Ninalolijali zaidi ni mahali pa kuziweka: ziinuliwe zilingane na masikio, na zisogezwe mbele kidogo, kwani ukuta mnene wa mawe wa Mji Mkongwe hurudisha besi, ikavuma hadi ikafunika maneno ya mwimbaji.