West-Eastern Divan sio okestra ya amani, na wenyewe walishasema

Hii okestra ya vijana wa Kiarabu na wa Kiisraeli ikitajwa tu, watu wanagawanyika pande mbili. Kuna wanaosema "unaona, muziki umewapatanisha Waarabu na Waisraeli, wanasiasa wajifunze", na kuna wanaocheka, "amani gani wakati mabomu bado yanaanguka, huo ni usanii tu". Mimi naona wote wamepotea njia moja, maana wote wanaipima kwa kitu ambacho haikuahidi.

Dhana ya kwanza, kwamba iliundwa kuleta amani. Hapana. Daniel Barenboim, kondakta Muisraeli (sio wa daladala, yule anayeongoza wapigaji kwa fimbo), alisema wazi kabisa kwamba Divan haitaleta amani, wapige vizuri wapige vibaya, ni mradi wa kupambana na ujinga. Ujinga kwa maana ya kutomjua mwenzio. Aliianzisha 1999 kule Weimar, Ujerumani, na rafiki yake Edward Said, profesa Mpalestina aliyezaliwa Jerusalem na kufundisha New York, ambaye naye piano alikuwa anaijua. Wakakusanya vijana wa Kiisraeli na wa Kiarabu, wengi wao hawajawahi kukaa meza moja na mtu wa upande wa pili, labda awe amevaa gwanda.

Halafu "Divan" sio kochi jamani. Ni diwani hii hii yetu, diwani ya mashairi (sio diwani wa kata), jina limetoka kwenye diwani ya Goethe, mshairi wa Ujerumani, aliyoiandika baada ya kumsoma Hafidh, mshairi wa Uajemi.

Eti wakishashika vyombo wanakuwa ndugu. Wee, mimi nimeimba kwaya miaka mingi, watu wa kanisa moja mtaa mmoja tunanuniana kisa nani aanzishe wimbo, sembuse hawa. Said alisimulia kwamba ule mwaka wa kwanza usiku vijana walikuwa wanapiga muziki wa Kiarabu wa kujitungia papo hapo, Muisraeli mmoja akataka kujiunga, akaambiwa huwezi, muziki wa Kiarabu unapigwa na Waarabu tu. Siku kama kumi baadaye kijana yule yule aliyeweka masharti yuko na Yo-Yo Ma, bingwa wa sello (ile kama violini kubwa, inapigwa umekaa), mtu wa asili ya China, anamfundisha kutyuni sello yake iendane na skeli ya Kiarabu. Wapenzi wa taarab mnaelewa, zile sauti zinazojificha katikati ya noti mbili za piano. Sasa angalia, hakuna aliyemwambia yule kijana samehe au sahau, alichofanya ni kukuta sheria yake mwenyewe haishiki.

Na kwenye violini wanakaa wawili wawili na kistendi kimoja cha noti. Unataka usitake lazima upinde wako upande na kushuka na wa jirani, na mmoja ndo anafungua ukurasa kwa niaba ya wote wawili. Mazoezi yakiisha wanarudi kubishana, na ubishi wenyewe unaruhusiwa, ni sehemu ya ratiba. Wakati wa vita vya Lebanon 2006 baadhi ya wanamuziki wa Lebanon na Syria hawakuja kabisa. Januari 2009, vita vya Gaza, shoo za Doha na Cairo zikafutwa.

Kuna hii nyingine, kwamba ni mradi wa kuisafisha Israel. Hapa niwe mkweli, wanaoendesha kampeni ya kuisusia Israel wana hoja, wanasema kupiga pamoja kunafanya ukaliaji wa ardhi ya Wapalestina uonekane kitu cha kawaida, na hiyo siiti dhana potofu, ni mabishano halali. Potofu ni kudhani Barenboim alikaa kimya. 2004 alipewa tuzo ndani ya bunge la Israel, akasimama pale pale akasoma azimio la uhuru wa nchi hiyo na kuuliza kama kukalia ardhi ya wengine kunaendana nalo, waziri wa elimu akamjibu kwa ukali hapo hapo. 2008 akachukua pasipoti ya Palestina.

Eti wanapigiwa makofi ya huruma? London 2012 walipiga simfoni (tungo ndefu za okestra) zote 9 za Beethoven, mtunzi wa Ujerumani, ya 9 usiku wa ufunguzi wa Olimpiki, na Barenboim akatoka pale akakimbilia uwanjani maana alikuwa kati ya walioibeba bendera ya Olimpiki. Huruma haikufikishi huko.

La mwisho, kwamba wanazunguka kwao Mashariki ya Kati kwa raha zao. Makao yao tangu 2002 ni Seville, Hispania. Agosti 2005 walipiga Ramallah, mji wa Wapalestina, na ili wafike serikali ya Hispania iliwapa wote pasipoti za kidiplomasia, Waisraeli wakasafirishwa kivyao na ulinzi. Wakapiga simfoni ya 5 ya Beethoven, ukumbi umejaa. Shoo ikaisha, wakakumbatiana hapo hapo jukwaani, Waisraeli wakakimbizwa kwenye magari yao na kuondoka usiku ule ule.